Mama Alipoanza Kunong'ona

Kwanza ilisikika sauti. Ilitoka nyuma ya rafu za mwisho: sauti ya mwanamke anayesoma kwa kukwama, neno moja akilivuta, jingine akilirudia, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Halafu ikatua, na wanawake kadhaa wakaangua kicheko kwa pamoja. Mmoja akajipiga kofi mapajani, akasema bila kujali nani yumo, "Shemeji gani huyo asiye na haya! Hebu tusomee tena hapo alipotolewa mbio!"

"Hiyo ni nini?" aliuliza mkaguzi.

Mkutubi kijana alikuwa amesimama naye kwenye meza ya mapokezi, tai shingoni, mikono nyuma. Alikuwa ametoka kumwonyesha orodha mpya ya vitabu, lebo mpya kwenye migongo ya vitabu, na bango alilolichora mwenyewe kwa rula: KIMYA. Jumatano alasiri ilikuwa siku yake ya kwenda kikaoni makao makuu, lakini wiki hiyo kikao kiliahirishwa, na badala yake mkaguzi akaja mwenyewe, bila taarifa, kumtazama mtumishi aliye katika majaribio. Mhudumu wa mlangoni, mzee aliyekuwapo tangu enzi za mkutubi aliyestaafu, alijiinamia ghafla na kuanza kupanga magazeti yaliyokwisha kupangwa.

"Nitaangalia, mzee," alisema mkutubi.

"Twende wote."

Wakaenda. Walipofika kwenye rafu za kilimo, kijana akapunguza mwendo. Sauti ilikuwa imeanza tena kusoma, safari hii ikijifanya ya kiume, nzito, yenye majivuno, kuigiza shemeji wa kwenye kitabu. Aliijua. Aliijua tangu alipozaliwa, ila hakuwahi kuisikia ikisoma. Akaomba moyoni iwe ya mtu mwingine. Zilibaki rafu mbili, ikabaki moja, kisha hapakubaki kitu cha kumkinga.

Walikuwa wanawake watano, wamekalia viti vidogo vya upande wa watoto, magoti yakiwa juu. Katikati yao alikaa mama yake. Alivaa aproni ya kufulia, bado ina unyevu tumboni, na miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Kitabu kilikuwa mapajani. Kidole chake, ngozi imejikunja kwa sabuni, kilikuwa kimeganda chini ya neno alilofikia.

Mama aliinua macho akamwona. Uso wake ulifanya mambo mawili kwa mara moja: ulifurahi na ukaona haya. Akafungua mdomo aseme neno.

Mkaguzi aliwahi. "Hawa ni kina nani? Ni wanachama?"

"Hapana, mzee."

"Unawafahamu?"

Jibu lilikuwa la neno moja tu, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Lakini alimwona mkaguzi akiitazama ile aproni, kisha ile miwani, kisha akimtazama yeye na tai yake, na ulimi ukageuka wenyewe.

"Siwafahamu, mzee. Wameingia tu."

Mama alifunga mdomo. Halafu akafunga kitabu, taratibu, kama mtu anayefunika chungu asitake kipoe. Mama muuza mkaa, jirani yao wa miaka yote, aliyembeba kijana huyu mgongoni akiwa na surua, alikodoa macho. "He! Lakini si huyu ndiye—"

"Tunyanyukeni," alisema mama.

"Dada, mimi nasema si huyu—"

"Nimesema tunyanyukeni." Akasimama, akampa mwanawe kitabu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu. "Tusamehe, bwana. Hatukujua kama hairuhusiwi."

Yangekuwa yamekwisha hapo, aibu ingebaki na kimo cha kuvumilika. Lakini mkaguzi alikuwa mtu wa taratibu. Alipofika mlangoni alisimama na kusema kwamba vitabu vinapotea sana siku hizi, na kwamba kanuni iko wazi: asiye mwanachama hukaguliwa mkoba akitoka. Akageuka kwa mkutubi. "Endelea."

Kijana alikagua mkoba wa mmoja wao, mpishi wa shule. Akakagua kikapu cha mama muuza mkaa, ambaye alimsogezea mpaka karibu na pua, akisema, "Tazama vizuri, baba, huenda nimeficha kabati." Mwisho ukafika mkoba wa mama yake. Aliufungua bila kuutazama uso wake. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni kilichofungwa gazetini, funguo za nyumbani, na shati jeupe la kiume, limepigwa pasi na kukunjwa kwa ustadi, kola juu.

Lilikuwa shati lake. La kesho.

"Shati la mwanamume?" mkaguzi aliuliza, nusu kwa mzaha.

"La mwanangu," alisema mama. "Anafanya kazi ofisini."

Akachukua mkoba wake akatoka.

Mkaguzi alimshika kijana begani. "Umelifanya kiungwana. Hukupiga kelele, hukutukana. Mimi nilidhani nyie mliokaa nje mnarudi na maringo tu, kumbe mmejifunza kazi. Sasa sikiliza. Jumatano ijayo saa tisa nakuja na mwenyekiti wa bodi. Barua yako ya kuthibitishwa kazini anaisaini yeye, na akiipenda maktaba anaisaini papo hapo. Nataka aikute hivi hivi ilivyo sasa. Inzi akiruka, asikike."

Maktaba ilikuwa kimya kweli. Mhudumu wa mlangoni hakuinua kichwa kwenye magazeti yake hadi jioni.



Huko ng'ambo ndiko alikofundishwa kunong'ona. Alikwenda akiwa ametoka chuoni juzi juzi, kwa mkataba kwenye maktaba kubwa yenye ghorofa na lifti ya vitabu peke yake. Mwanzoni alirudisha vitabu rafuni tu, gari la magurudumu mbele, yeye nyuma. Siku moja, kwenye chumba cha watumishi cha kunywea chai, alikuwa akiongea kwa simu na mama yake. Mama aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, naye akamjibu vivyo hivyo, wakacheka. Alipokata simu alimkuta msimamizi mlangoni. Msimamizi hakufoka. Alitabasamu. Alisema wasomaji wamelalamika, na kwamba labda kwao watu wamezoea hivyo, lakini hapa ni mahali pa watu wastaarabu. Wenzake waliinamisha vichwa kwenye vikombe vyao. Tangu siku hiyo alijibu simu za mama kwa mnong'ono, hata akiwa chumbani kwake peke yake, hata akiwa barabarani. "Mbona hivyo, baba, unaumwa koo?" mama alikuwa akiuliza. "Mtandao, mama. Mtandao mbovu."

Mkataba ulipokwisha hawakumwongezea. Alirudi na tai mbili, cheti kimoja, na ile haya, ambayo aliileta nyumbani akidhani ni ustaarabu.



Jioni ile alizunguka mitaani mpaka miguu ikamchoka, akitafuta maneno. Alitaka aseme ni mkaguzi, ni kazi, ni paa la chumba cha mama linalovuja ambalo mshahara wa kudumu ungeliezeka. Alipofungua mlango aliyakuta maneno yote hayana pa kukaa. Redio, ambayo mama huiwasha tangu akirudi kazini mpaka akilala, ilikuwa imezimwa. Chakula chake kilikuwa mezani kwenye sahani ya kioo, ile ya wageni.

"Karibu," alinong'ona mama.

"Ahsante, mama. Mama, leo—"

"Maji ya kuoga yapo tayari." Bado ananong'ona. "Shati lako nimelitundika."

Dada yake, msusi wa nywele, mdogo wake kwa kuzaliwa lakini mkubwa wake kwa mdomo, aliingia na kikapu chake cha vitana, akatupa viatu, akashangaa. "Kuna msiba? Redio imekufa?"

"Punguza sauti," mama alinong'ona. "Kaka yako amechoka."

"Amechoka na nini? Kunyamazisha watu?"

Alikuwa anatania tu, hajui kitu bado.

Siku zilizofuata mama hakumkasirikia. Hilo ndilo lililomtesa. Angemtukana, angempiga hata kofi, angejua pa kuanzia. Lakini mama alimfanya mgeni. Alibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake na kungoja nje mpaka aitikiwe. Alimwekea kijiko, yeye aliyezoea kula kwa mkono sahani moja nao. Alitembea kwa ncha za vidole kwenye nyumba aliyoijenga kwa kufua mashuka ya watu. Kila alilosema alilinong'ona, na mara nyingine akianza kucheka alijiziba mdomo kwa kiganja na kumtazama, kama anaomba radhi. Hakumwita tena "baba". Hakumwita jina lolote.

Mkaguzi alipiga simu Ijumaa, sauti changamfu. Mwenyekiti amekubali kuja. Je, kuna tatizo lolote? Wale akina mama hawajarudi?

Kijana alikuwa peke yake nyuma ya meza, hakuna msomaji hata mmoja aliye karibu. Hii ndiyo nafasi, alijiambia. Sema. Sema tu kwamba mmoja wao...

"Hawajarudi, mzee," alisema.

"Safi sana."

"Ahsante, mzee."

Akaweka simu chini, akabaki kuitazama kama mtu aliyejikata kwa kisu kilekile mara ya pili.



Jumamosi dada alirudi mapema. Safari hii hakutupa viatu. Alisimama mlangoni kwa kaka yake, mikono kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo kwake ni hatari kuliko kelele.

"Nimetoka kumsuka mama muuza mkaa."

Kijana aliinuka kitandani.

"Amenisimulia tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Nikamwambia, mama, wewe umezeeka, umemfananisha. Kaka yangu ana maringo, kaka yangu anakunywa chai kwa kisahani, lakini hilo hawezi. Akaniapia. Sasa nakuuliza wewe. Ulimpekua mama mkoba?"

"Ni kanuni. Mkaguzi alikuwa—"

"Ulimpekua?"

"Ndiyo."

Dada alikaa chini kwenye kizingiti.

"Unajua alianzaje kwenda pale?"

"Sijui."

"Utajuaje? Ulikuwa ng'ambo. Watu walimuuliza, mwanao anafanya kazi gani huko? Akasema, mkutubi. Ndiyo nini? Hajui. Mara alisema ni kama karani, mara akasema unatunza makaratasi. Wakamcheka pale kisimani, wakasema labda unafagia. Basi siku moja akavaa gauni lake la kanisani, akaenda mpaka maktaba, akamwambia yule mkutubi mzee: nimekuja kuona kazi anayofanya mwanangu. Akakaa kutwa nzima anamtazama. Mzee akaona atamchosha kwa macho, akampa kitabu. Mama akamwambia, mimi niliishia madarasa ya chini, nasoma kwa kidole. Akamwambia, kidole hakikatazwi humu. Ndivyo alivyoanza. Kisha akamvuta mama wa mkaa, ambaye hata jina lake hasomi, kisha wengine. Anawasomea. Kila Jumatano."

"Mbona hakuniambia? Nimerudi, niko palepale, mbona—"

"Akuambie?" Dada alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilichoma kuliko dharau. "Wiki uliyorudi, watu wa umeme walileta tangazo. Mama akalichukua akakusomea, makusudi, akuonyeshe. Alikuwa amejizoeza. Wewe ulifanya nini?"

Alikumbuka. Aliona tu karatasi ikitetemeka na midomo ikijongea, akalichukua mkononi mwake, akacheka kidogo, akasema: Lete, mama, tutakesha.

"Ndiyo hivyo," alisema dada. "Akaamua kwenda siku ambazo wewe haupo."



Jumapili, mama akiwa ibadani, kijana alifungua maktaba kwa ufunguo wake akakitafuta kile kitabu. Alijua mahali pake bila kuangalia lebo. Kilikuwa riwaya ya zamani, jalada limelegea, kurasa zimeota pembe. Hakukisoma. Alikiandika kwa kadi yake mwenyewe, akarudi nyumbani, akakiweka juu ya mto wa mama. Alikaa sebuleni akingoja, na alipojichunguza aliona kwamba anangoja kushukuriwa.

Mama alikuta kitabu. Alitoka nacho chumbani, akakiweka mezani mbele yake.

"Hiki ni cha wanachama," alinong'ona.

"Nimekuazimia kwa kadi yangu. Soma tu hapa nyumbani, mama, kwa nafasi. Waite na wenzako. Hakuna atakayekusumbua."

"Kirudishe ulipokitoa."

"Mama, ni chako, kaa nacho hata mwezi—"

"Si kitabu kilichonikana," alisema mama.

Akarudi chumbani akafunga mlango polepole, usitoe mlio.

Kijana alibaki na kitabu. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ilikuwa sakafu ya saruji aliyoisugua mama asubuhi ileile.



Uwanja wa kufulia ulikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, karo tatu za saruji na kamba za mashuka zilizopishana kutoka ukuta hadi ukuta. Jumatatu baada ya saa za kazi alikwenda huko. Aliacha tai ofisini. Njiani alikuwa amepanga hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho, ikaanza kumtoroka alipowasikia akina mama wakibishana nyuma ya mashuka.

"Mimi nasema shemeji haichukui cherehani," mpishi wa shule alikuwa akisema. "Mke wa watu anakula kwa ile cherehani, mumewe yuko migodini, shemeji anatokea na mkokoteni achukue? Lazima majirani watoke."

"Majirani gani?" alijibu mama muuza mkaa. "Majirani wa siku hizi watatoka waangalie. Nakwambia mke mwenyewe atammwagia maji ya moto. Mimi ningemmwagia."

"Wewe ungemmwagia hata kama amekuja kusalimia."

Wakacheka. Kisha sauti ya mama yake ikasikika, na ilikuwa sauti yake yenyewe, pana, ile aliyokuwa ameikosa nyumbani siku zote hizo: "Mimi sijui, jamani. Tuliachia pale mkokoteni umefika mlangoni. Mengine nitawadanganya."

Akapita chini ya shuka, akatokea mbele yao. Kicheko kilikatika. Mama alishika nguo iliyoloa, akageuka kwenye karo, akaendelea kukamua.

"Shikamooni, mama zangu," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Maji yalidondoka kutoka kwenye mashuka. Hatimaye mama muuza mkaa aliwageukia wenzake na kuuliza kwa adabu kubwa, "Jamani, bwana huyu tunamfahamu?"

"Hatumfahamu," alisema mpishi. "Ameingia tu."

"Ana mkoba? Akaguliwe."

Mmoja alicheka, kisha akaona haya akanyamaza. Kijana alisimama akaipokea yote. Alijua kwamba ile ndiyo bei ndogo kabisa kuliko zote, na kwamba wamempunguzia.

"Ni haki yenu," alisema. "Nimekuja kwa mama, lakini nilimkosea mbele yenu, kwa hiyo nasema mbele yenu."

"Sema basi, maji yanapoa," alisema mama muuza mkaa.

"Mama. Sikukuona ghafla siku ile. Usije ukadhani nilishtuka. Nilikujua tangu kwenye rafu za kilimo. Nilikuwa na nafasi ya kusema tangu pale, na nikamwona yule mzee anaitazama aproni yako, nikaona..." Akakwama. Hotuba yote ilikuwa imekwisha, limebaki neno lenyewe. "Nikakuonea haya."

Mikono ya mama ilisimama majini.

"Ijumaa alinipigia simu," aliendelea. "Nikapata nafasi ya pili. Nikasema ahsante, mzee."

"Haa!" alisema mpishi, kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto.

Mama alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Alipogeuka, hakunong'ona.

"Unajua siku ile niliogopa nini? Sikuogopa kufukuzwa. Nimefukuzwa milango mingi, sina shida na milango. Nilipokuona umesimama pale niliogopa kwamba umenisikia nikikosea. Lile neno nililikosea mara tatu. Nikasema moyoni, leo atanicheka mbele ya wenzangu." Alivuta pumzi. "Ningeomba unicheke, mwanangu. Ungenicheka ningekuwa bado mama yako."

Hapo hata mama muuza mkaa aliangalia chini.

Kijana alilia. Alilia vibaya, bila ustaarabu wowote, pua na macho, huku shuka la mtu asiyemjua likimgusa shavuni. Hakuna aliyemwendea. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati.

"Haya, basi utuambie jambo moja," alisema mpishi, kwa sauti iliyolegea kidogo. "Wewe ndiye mwenye vitabu. Ile cherehani, aliichukua au hakuichukua?"

Alifikiri. Alijua rafu yake, lebo yake, mwaka kilipochapishwa, idadi ya kurasa na mara ngapi kilishonwa upya. "Sijakisoma," alisema.

"Hujakisoma!" Mama muuza mkaa aliinua mikono juu. "Sasa kule ng'ambo mlikuwa mnavifanya nini, mnavipangusa?"

"Ndiyo," alisema. "Kwa kweli ndicho nilichokuwa nafanya."

Safari hii walicheka, na kicheko kilikuwa na upenyo. Mama hakucheka, lakini mdomo wake ulicheza.

"Na Jumatano?" mama muuza mkaa aliuliza, akirudia kuwa mkali. "Mhudumu wako katuambia. Wakubwa wanakuja kukupa kazi ya kudumu. Sisi tukae wapi siku hiyo, tujifiche kwenye mkaa?"

"Mwacheni," alisema mama upesi. "Ana barua anaingojea. Jumatano hatuendi. Wiki nyingine tutaona."

Hata sasa. Amekanwa, amepekuliwa, na bado anamkinga mwanawe na upepo. Kijana aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kukubali. Mama ameshampa ruhusa. Ni kunyamaza tu, barua isainiwe, paa liezekwe, na wiki nyingine waone. Akaona pia kwamba akinyamaza sasa, mama atanong'ona mpaka siku atakayokufa.

"Mtakuja Jumatano," alisema.

"Nini? Semea juu, bwana, humu si maktabani," alisema mama muuza mkaa.

Alikuwa amenong'ona tena. Akamsogelea mama yake, akaishika ile mikono miwili iliyoloa, ya baridi, yenye ngozi iliyojikunja, na akaiachia sauti aliyokuwa ameifungia tangu kile chumba cha chai, ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka mfagiaji wa nyumba ya wageni akachungulia dirishani.

"Jumatano saa tisa, mkaguzi akiwepo na mwenyekiti akiwepo, njoo na aproni yako, njoo na wenzako. Nitakuamkia mlangoni mbele yao. Nitawaambia nilidanganya, nitawaambia huyu ni mama yangu, amekuja kusoma. Wakinipa barua wanipe, wakininyima waninyime. Ukikosea neno, kosea, nitakaa chini pale pembeni yako ningoje ulirudie. Nakuahidi, mama. Wote hawa wamesikia. Nakuahidi."